Mbio Zilikuwa Zangu

Kwako Nyangeta, binti wa Magesa, yaani wangu,

Salamu tulipeana asubuhi ukiwa na mswaki mdomoni, kwa hiyo hapa naziruka. Sasa hivi ni saa tisa mchana. Wewe uko Kitaji unasukwa, mama yako yuko sokoni, na mimi nimefunga kibanda cha pikipiki mapema. Wateja wawili wamegonga, nimewaambia fundi anaandika barua. Mmoja kacheka mpaka kashika ukuta, maana tangu anifahamu hapa Musoma hajawahi kuniona nimeshika kitu chembamba kuliko bisibisi.

Acha wacheke. Baba yako niliishia fomu tu, hilo unalijua, na unajua pia kwamba fomu tu yangu mimi ni nzito kuliko fomu foo za watu wengine. Mwalimu wa Kiswahili alisemaga mwandiko wangu unafanana na kuku aliyekanyaga wino. Lakini alikuwa anausoma mpaka mwisho! Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa na utamu. Kwa hiyo na wewe vumilia.

Sikuandikii habari za begi, wala shuka, wala usile vya watu usiowajua. Hayo mama yako kashayasema mara nane na kesho stendi atayasema mara ya tisa. Mimi nakuandikia habari za maneno mawili. La kwanza ni la Kidenmaki. La pili ni lile jina ambalo wewe na wadogo zako mnamwita dada yangu Wakuru, akishuka tu kwenye gari la Butiama mnapiga kelele: "Shangazi Mbio kaja! Shangazi Mbio!"

Naanza na la Kidenmaki kwa sababu ndilo rahisi.

Ulikuwa na miaka sita hivi, mimi ndiyo nimeingia kwenye bodaboda. Alikuja mama mmoja wa Kidenmaki, jina lake Kirsten, mkunga, akawa anasaidia kwenye zahanati moja huko Mugango. Alitaka dereva wa kumpeleka asubuhi na kumrudisha jioni. Kijiwe kizima tulijipanga kama wachumba. Akanichagua mimi. Mimi nasema ni kwa ajili ya sura na uendeshaji. Mama yako anasema ni kwa sababu kijiwe kizima ni mimi tu nilikuwaga na helmeti mbili. Mwache aseme.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kuliko changu. Siku moja tuko njiani, akaniuliza kutoka nyuma:

"Magesa, wewe una watoto?"

"Ninaye mmoja, mama. Na nilimzalisha mwenyewe."

"Wewe mwenyewe?"

"Kwa mikono hii iliyoshika usukani."

Nikammwagia ile hadithi yote. Unaijua kuliko unavyojua sala ya Baba Yetu: tulikuwa bado tunakaa Guta, tunalima pamba, mimi kijana wa miaka kumi na tisa. Asubuhi ya kuvuna, uchungu ukamshika mama yako, nikampakia kwenye keria ya baiskeli kumpeleka hospitali Bunda. Shangazi Wakuru, aliyekuja kutusaidia kuvuna, akawa anatufuata kwa mguu. Katikati ya njia mama yako akasema hafiki. Hapo ndipo Wakuru akashika kichwa, akapiga yowe, akakata mbio katikati ya pamba mpaka tukamwona kama kunguru. Na mimi nikakunja mikono ya shati, nikasema, "Kaza roho, Magesa yupo!" Nikakudaka.

Unajua nilivyokuwa naisimulia Krismasi. Nasimama, naigiza zile mbio, nashika kiuno, nainua magoti juu. Nyumba nzima inaanguka. Na Wakuru mwenyewe kakaa pale kwenye kochi, anacheka na sisi, mkono mdomoni.

Basi Kirsten akaniambia, "Simama." Nikasimama. Akashuka, akanipa mkono wa pongezi. Nikavimba. Halafu akaniuliza, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake:

"Kitovu ulifunga na nini?"

Mwanangu, nimeshaulizwa maswali na trafiki. Nimeulizwa maswali na babu yako mzaa mama, ambaye ni mbaya kuliko trafiki. Sijawahi kukwama vile. Nikaangalia pikipiki.

"Na waya."

"Waya?"

"Waya wa breki. Wa baiskeli."

"Na ulikatia nini?"

"Plaizi."

Akaniangalia. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Akapanda. "Twende, Magesa. Wananisubiri."

Tulipofika penye mteremko wa kuliona ziwa, ndiyo akaanza kuongea. Akasema kwao mkunga anaitwa *jordemoder*. Aliniandikia baadaye kwenye karatasi ya dawa, herufi kumi, lakini wakilisema unasikia tu "yoamoa", kama mtu ana kiazi cha moto mdomoni. Neno lenyewe limeungwa kwa maneno mawili. *Jord* ni ardhi. *Moder* ni mama. Mama wa ardhi. Akasema watu wa kwao ukiwauliza kwa nini mkunga aitwe mama wa ardhi, wana jibu tayari: zamani mtoto akizaliwa alikuwa analazwa chini, kwenye udongo, na mkunga ndiye anayemwinua.

Mimi huyo, nikadakia: "Si ndiyo! Hata Nyangeta wangu alizaliwa chini, kwenye shamba la pamba!"

"Ni maelezo mazuri," akasema. "Ila siyo kweli."

Akasema wale wanaochimba maneno ya zamani wamekuta kwamba pale mwanzo hapakuwa na ardhi. Palikuwa na neno jingine dogo, *jóð*, ulimi unauweka kwenye meno kama unasema "dhahabu". Maana yake mtoto, uzao. Mama wa uzao, basi. Lile neno dogo likafa. Watu wakawa wanalisikia ndani ya neno kubwa lakini hawalijui tena. Wakatafuta linalofanana nalo, wakakuta ardhi, wakaipachika. Halafu kwa sababu kila mtu anataka kujua kwa nini, wakatunga ile hadithi ya kuinua mtoto kutoka kwenye udongo, ili neno lisionekane limekosewa.

"Kwa hiyo nchi nzima imekosea?" nikamuuliza.

"Nchi nzima. Na wanalala usingizi."

"Basi hakuna shida."

"Hakuna," akasema. "Ila mtoto alikuwemo ndani ya jina, Magesa, na wamemtoa bila kujua."

Nikaongeza mwendo mpaka Mugango. Alijua. Nilijua kwamba anajua. Na unafikiri nilifanya nini siku ile nilivyorudi nyumbani? Nilitubu? Wapi. Nilikupakata, nikakusimulia upya, na nikaongeza waya wa breki! Ndiyo, mama. Kile kipande unachokipenda kuliko vyote, cha waya na plaizi, kilizaliwa siku ile kwenye barabara ya Mugango, wewe ukiwa na miaka sita na meno mawili yameng'oka.

Sasa njoo Jumapili iliyopita.

Mchungaji kakuita mbele waumini wakuombee kwa safari ya Mbeya. Umepewa kipaza sauti, umesimama umenyooka, nikasema moyoni huyu kachukua urefu wangu. Ukasema, "Naenda kusomea ukunga kwa sababu mkunga wangu wa kwanza ni baba yangu. Alinipokea kwa mikono yake na kitovu changu alikifunga kwa waya wa breki." Kanisa likalipuka. Na aliyepiga vigelegele virefu kuliko wote, kutoka benchi la karibu na mlango, ni Wakuru. Ukamwona, ukasema, "Na Shangazi Mbio yupo, leo hajakimbia!" Watu wakageuka wanacheka. Akasimama akawapungia mkono, akakaa.

Mimi nilikuwa naangalia kamba za viatu vyangu. Na vile viatu havina kamba.

Jioni Wakuru alivyoondoka kurudi Butiama, mama yako akanifuata kibandani. Hakukaa.

"Baba Nyangeta, mtoto anaenda kusomea hii kazi. Siku ya kwanza darasani atawaambia waya wa breki."

"Watacheka tu."

"Wakicheka ni heri. Je, wakimwamini? Je, yeye mwenyewe anaamini kwamba waya wenye kutu unafungaga kitovu cha mtu?"

Nikasema nitafikiria.

"Fikiria haraka. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi pale stendi, mbele ya makonda?"

Unamjua. Angesema.

Basi ndiyo hii. Nimezunguka kama mwizi wa kuku, sasa naingia.

Baiskeli ilisimama kweli. Pamba ilikuwa imechanua kweli, nyeupe pande zote mbili za njia. Mama yako alishuka, akashika fremu ya baiskeli, akasema, "Anakuja." Wakuru akatufikia pale, anahema. Akafungua kitenge chake cha pili, akakitandika chini. Akaniambia, "Mura, kijana wewe, mshike mwenzako mgongo." Nikamshika. Halafu mama yako akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, na mimi nikaachia mgongo wake nikakimbia.

Nilikimbia, Nyangeta. Magoti juu, mkono kiunoni, vile vile ninavyoigizaga. Unadhani yale mambo niliyatoa wapi? Nilipita kwenye mistari ya pamba mpaka kwenye kichuguu, nikachuchumaa nyuma yake nikaziba masikio. Nilijiambia naenda kutafuta msaada. Kichuguu hakina msaada.

Nilipotoa vidole masikioni palikuwa kimya. Kimya kile sitaki kukielezea sana, wewe utakutana nacho kazini na utakijua vizuri kuliko mimi. Hukulia. Mama yako anasema ulikuwa wa kijivujivu kama mfuko wa mbolea. Wakuru akakufuta mdomo na pua kwa kidole alichofungia kitambaa, akakulaza tumbo juu ya mkono wake, akakusugua mgongo, anakusugua na anakutukana. Mama yako anasema alikuwa anakutukana kabisa: "Lia wewe, mpuuzi wewe, baba yako kakimbia na wewe unataka kukimbia?" Ndiyo ukalia. Kule nyuma ya kichuguu nikakusikia, na mimi nikalia.

Na kitovu? Kwenye pindo la kitenge chake alikuwa amefunga fundo tangu alfajiri. Ndani ya fundo mlikuwa na wembe mpya ndani ya karatasi yake, na uzi mweupe aliouchemsha. Hakumwambia mtu. Alimwangalia tu mama yako usiku wa kuamkia siku ile, akaona mtoto hafiki Bunda, akajiandaa kimya kimya. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa pampu ya baiskeli.

Nilirudi. Hilo angalau liwekwe kwenye rekodi, nilirudi kwa miguu yangu. Wakuru akakuweka kwenye mikono yangu, na damu yote ikahamia kwenye shati langu. Tulipofika Bunda nesi akaniona mimi na lile shati, akauliza, "Nani kampokea huyu mtoto?"

Swali lilikuwa fupi. Na jibu lilikuwa limesimama pembeni yangu, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna.

Nikasema, "Mimi."

"Wewe? Peke yako?" Akaita wenzake waje kumwona mwanaume. Niligeuka kumwangalia Wakuru, nikitegemea aseme. Hakusema.

Nilikuja kumuuliza baada ya miaka mingi, nimeenda Butiama kumsalimia, anamenya mihogo. Nikamwambia, dada, kwa nini siku ile ulinyamaza?

"Babamkwe wako alikuwa anataka kumrudisha binti yake," akasema. "Anakuona mhuni wa baiskeli. Nikasema acha wasikie kwamba ni mwanaume."

"Basi ni hilo tu?"

"Na mimi unajua walichokuwa wanasema. Wakuru hana mtoto, mikono yake haina kitu. Wangejua ni mimi niliyempokea, kila mafua ya Nyangeta wangesema ni mikono yangu imemletea. Nikaona bora nimshike nikiwa shangazi tu."

Nikashukuru. Nikafikiri yamekwisha. Akamenya muhogo mzima, akaurushia kwenye beseni, akasema bila kuniangalia:

"Kukupokelea mtoto nilikupa. Ukasema ni wewe, sawa. Lakini hilo la Mbio uliliongeza mwenyewe. Hilo sikukupa."

Nimelala na hayo maneno kuanzia siku ile, na bado Krismasi iliyofuata nilisimama nikaigiza. Watoto walikuwa wananisubiri. Ndiyo ujinga wenyewe, mama: uongo ukishakuwa na washangiliaji, kuuacha ni kama kuwaachisha watu sherehe.

Uongo mwingine ninao, na huo sikuombi msamaha. Mvuvi mmoja wa Mugango aliniuliza kama najua injini ya boti, nikamwambia nimezaliwa nayo, nikaitengeneza, ikamzimikia katikati ya ziwa akarudi anapiga kasia kwa mfuniko wa sufuria. Alinikimbiza siku mbili. Ule ulinirudia mwenyewe nikaulipa kwa kukimbia, maana kukimbia ndiyo kipaji changu. Lakini huu umekaa kwenye jina la mtu. Wewe umejifunza kumwita shangazi yako kabla hujajua kufunga vifungo, na jina ulilofundishwa lilikuwa na makosa ndani yake, na makosa ni yangu. Ukilitamka hukosei wewe. Lakini yeye kila ukilitamka anapungia watu mkono, anakaa.

Ninachoogopa nakuambia, maana nimeshavua kila kitu kingine. Ulichagua kazi hii kwa sababu ya mikono yangu. Nimekaa hapa toka saa tisa najiuliza kama nikikunyang'anya hiyo mikono utabaki na nini. Halafu naona, mikono ilikuwepo. Mikono haikuwa hadithi. Ilikuwa ya mtu mwingine tu, na ilikuwa mizuri kuliko ile niliyokutungia: ilijua, ilijiandaa, ilikaa. Ukiwa umekasirika, kasirika na mimi, mimi nina mwili wa kutosha. Usiikasirikie kazi.

Na kama huko chuoni watakuuliza kitu hujui, sema sijui. Mimi neno hilo nimeanza kulisema nina miaka thelathini na tano, na nakuhakikishia haliui. Mteja mmoja nilimwambia, "Hii sijui, mpelekee fulani." Akarudi na pikipiki tatu. Nashangaa mpaka leo. Basi, nimemaliza ushauri, usije ukasema baba kageuka mchungaji.

Sasa ni saa kumi na moja imepita. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuikunja hii barua niiweke chini kabisa ya tranka lako, chini ya yale mashuka, uikute Mbeya. Mama yako karudi sokoni, kanikuta nimeinamia tranka. Hakuuliza ni nini. Kasema, "Na hiyo nayo ni mbio."

Kwa hiyo nakupa mkononi. Ukirudi kutoka kusuka utanikuta kwenye benchi la nje, nitakupa, na nitakaa hapo hapo wakati unasoma. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunisema, niseme hapo hapo majirani wasikie, siendi popote.

Leo asubuhi nilimpigia Wakuru. Nikamwambia, dada, leo namwambia mtoto. Akasema, "Kama unasema, sema yote. Sema na kwamba ulikanyaga kitenge changu wakati unakimbia." Nimesema. Nilikikanyaga.

Anakuja jioni hii na gari la Butiama, alale hapa, akusindikize kesho. Anajua nimeahidi. Hajui kama nimeweza, maana nimeshamwahidi mara mbili huko nyuma. Hatauliza, unamfahamu. Atashuka pale barabarani na kikapu chake, atajiweka sawa, tayari kwa lile jina.

Tangulia wewe, uwafikie wadogo zako kabla hawajafungua mdomo. Utakavyomwita sijui, hilo sikupangii, nimeshapanga majina ya kutosha. Lakini sikio lake litakuwa hapo, na neno la kwanza utakalotoa ndilo litakalomwambia kama safari hii kaka yake kasema kweli.

Baba yako,
Magesa, niliyefika wa pili.